Barua ya wazi: Mgonjwa wa moyo aulizwe anaishije, na jibu lake liandikwe kwenye faili

Kwa: Waziri wa Afya, Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI, Uongozi wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Waganga Wakuu wa Mikoa na Waganga Wafawidhi wa hospitali zenye kliniki za moyo

YAH: KUPIMA UBORA WA MAISHA YA WAGONJWA WA MOYO WA MUDA MREFU

Waheshimiwa,

Ukifungua faili la mgonjwa aliyehudhuria kliniki ya moyo kwa mwaka mzima, utakuta presha ya kila hudhurio, mapigo ya moyo, uzito kama mizani ilikuwa nzima siku hiyo, majibu ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu, na dozi zilivyopandishwa na kushushwa. Hutakuta kama mgonjwa huyo anaoga mwenyewe bila kuketi katikati ili avute pumzi. Hutakuta kama analala kitandani au anakesha ameegemea ukuta, wala kama amerudi kwenye meza yake sokoni. Pale pa kuandika anavyoendelea pameandikwa "hali nzuri", na hudhurio linalofuata "hali nzuri", mpaka siku anapolazwa.

Ombi letu ni moja. Kila mtu mzima mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri apimwe ubora wa maisha kwa dodoso fupi la Kiswahili lililojaribiwa hapa nchini. Alama yake iandikwe kwenye faili pembeni ya presha, na kwa kila alama inayoshuka pawepo na mtu anayewajibika kuchukua hatua. Tumeandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili likifanywa nusunusu linazalisha karatasi nyingi na takwimu za uongo, na hilo ni baya kuliko kutopima kabisa.

Tuanze na wagonjwa wenyewe ni akina nani. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa mwaka 2012 uliandikisha wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Utafiti wa TaHeF uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulifuatilia wagonjwa 427, na picha ilikuwa ileile: watu wa makamo, karibu nusu yao chanzo kikiwa shinikizo la damu, wakifuatiwa na wenye misuli ya moyo iliyodhoofika na kutanuka, kisha wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Katika nchi tajiri mgonjwa wa namna hii kwa kawaida ni mzee aliyekwisha kustaafu. Hapa ni mama anayesomesha, fundi, dereva wa bodaboda, mkulima. Kwa mtu wa umri huo, kusema "yu hai na anahudhuria kliniki" hakutoshi. Swali ni kama ana nguvu za kuishi maisha yanayomtegemea.

Na majibu yaliyokwisha kukusanywa yanatisha. Utafiti wa G-CHF, uliochapishwa mwaka 2021, ulipima ubora wa maisha wa wagonjwa zaidi ya 23,000 katika nchi 40 kwa dodoso moja lenye alama 0 hadi 100, ambapo 100 ndiyo hali bora. Ulaya Magharibi ilipata wastani wa 62.5. Afrika ilikuwa ya mwisho, 39.5. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba alama ya chini inatangulia kifo na kulazwa, hata baada ya kuzingatia vipimo vingine vya ugonjwa. Kwa hiyo anayedhani ubora wa maisha ni suala la kumfariji mgonjwa tu, na kwamba sayansi yenyewe iko kwenye eko, tunamwomba alifikirie upya.

Eko ni kipimo kizuri na tunakitegemea. Kinaonyesha ventrikali ya kushoto, yaani chumba kikuu cha moyo kinachosukuma damu, inatoa asilimia ngapi ya damu kila pigo, vali ipi inavuja, shinikizo la mapafu limefikia wapi. Lakini wagonjwa wawili wenye asilimia 30 ileile wanaweza kuwa mmoja anafungua duka lake kila asubuhi na mwingine hawezi kutoka chumbani. Tena wapo wengi, hasa wenye presha ya miaka mingi, ambao moyo wao unasukuma kwa asilimia nzuri ila misuli imekakamaa na haijai damu inavyotakiwa. Hao eko ya harakaharaka huwaambia hawana tatizo kubwa, huku wakiishiwa pumzi kwa kupanda ngazi sita.

Madaraja ya New York ya ukali wa ugonjwa wa moyo tunayotumia sote, la I (nafuu) hadi la IV (hoi), yametufaa tangu mwaka 1928. Kasoro yake ni kwamba daraja linatolewa na daktari, si mgonjwa, na madaktari wawili wakimwona mgonjwa mmoja siku moja mara nyingi hutofautiana. Zaidi ya hapo, daraja la II ni pana mno: mtu anaweza kudhoofika kwa miezi minne mfululizo akabaki humohumo.

Kuna mtego mwingine ambao kila anayefanya kazi kwenye kliniki hizi anapaswa kuufahamu. Mgonjwa wa moyo hupunguza maisha yake taratibu bila kutambua. Mwanzo anaacha kubeba ndoo. Kisha anaacha kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, kisha mjukuu ndiye anatumwa dukani. Ukimuuliza "unaishiwa pumzi?" anajibu hapana, na anasema kweli, kwa sababu hafanyi tena lolote la kumwishia pumzi. Swali la kwanza linapaswa kuwa kuhusu kazi alizokuwa akizifanya na sasa hazifanyi. Dodoso lililotungwa vizuri linajua hilo na limepangwa kwa utaratibu huo.

Madodoso yenyewe yapo, hatuhitaji kubuni jipya. Linalotumika zaidi kwa ugonjwa huu ni la Kansas City, kwa kifupi KCCQ. Lilichapishwa mwaka 2000 likiwa na maswali 23, na mwaka 2015 likapatikana toleo fupi la maswali 12. Yote mawili yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Toleo fupi lina sehemu nne: mwili unazuiwa kiasi gani (kuoga, kutembea mwendo mfupi kwenye tambarare, kuharakisha au kukimbia kidogo), dalili (miguu kuvimba unapoamka asubuhi, uchovu, kuishiwa pumzi, kulala umekaa), furaha ya maisha, na mambo ya kijamii, yaani burudani, kazi na kutembelea ndugu na marafiki. Mabadiliko ya alama 5 ni madogo ila mgonjwa anayahisi, 10 ni ya wastani, 20 ni makubwa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ililikubali rasmi kuwa kipimo cha matokeo katika majaribio ya tiba za moyo kushindwa.

Dodoso la Minnesota lina maswali 21, kila moja alama 0 hadi 5, jumla 105. Nalo ni zuri, lakini linakwenda kinyume: alama kubwa ndiyo hali mbaya. Hospitali moja ikitumia Minnesota na nyingine Kansas City, na takwimu zikakutana mkoani kwenye jedwali moja, mgonjwa aliyepata 80 atasomeka kuwa mzima huku, na hoi kule. Chagueni moja kwa nchi nzima. Sisi tunapendekeza la Kansas City la maswali 12, kwa sababu linasomwa kwa dakika tano na linahisi mabadiliko upesi.

EQ-5D, lenye maswali matano (kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni) pamoja na kipimo cha 0 hadi 100 kinachofanana na pimajoto, si la moyo pekee. Faida yake ni kulinganisha magonjwa: mfuko wa bima ukitaka kujua shilingi inanunua afya zaidi kwenye moyo, figo au kisukari, hilo ndilo la kutumia. Ila halihisi mabadiliko madogo ya mgonjwa wa moyo, kwa hiyo lifanywe mara moja kwa mwaka, si kila hudhurio. Na majibu yake hugeuzwa kuwa thamani kwa kutumia jedwali la nchi husika. Ethiopia imekuwa na lake tangu mwaka 2020. Kuazima jedwali la Uingereza ni kuamua kwa niaba ya Watanzania nini kinawauma zaidi.

Kwamba kazi ya Kiswahili inawezekana, hilo halina ubishi. Dodoso la SF-36, linalopima afya kwa ujumla, lilitafsiriwa na kujaribiwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Utaratibu unajulikana. Watafsiri wawili wanafanya kazi kila mmoja peke yake, matoleo yao yanaunganishwa kuwa moja, mtu wa tatu asiyeliona la asili anarudisha kwenye Kiingereza, kisha kamati yenye muuguzi, daktari na mtaalamu wa lugha inalinganisha. Baada ya hapo wagonjwa watano hadi wanane wanasomewa swali moja moja na kuulizwa wameelewa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kila mara bajeti inapobana, nayo ndiyo inayofichua makosa.

Tutoe mifano, kwa sababu hapa ndipo penye kazi. Dodoso la asili linapima mwendo kwa mtaa mmoja wa mji wa Marekani. Kwa Kiswahili iwe mita 100, na msomaji aongeze "kama kutoka goli hadi goli kwenye uwanja wa mpira", maana mita 100 tupu wengi hawaipati kichwani. Swali la kulala linataja mito mitatu. Nyumba nyingi zina mto mmoja kwa kila mtu, wengine wanakunja khanga au blanketi, wengine wanalala kwenye mkeka wakiegemea ukuta. Mgonjwa anayekesha amekaa atajibu "hapana, nina mto mmoja tu" na atahesabiwa analala vizuri. Swali la kuoga linadhani bomba la mvua. Kwa wagonjwa wetu kuoga ni kubeba ndoo hadi bafuni, kuinama na kuchota, na pengine kuchuchumaa. Kuinama peke yake kunawakata pumzi baadhi yao ndani ya nusu dakika. Kwa hiyo swali liseme wazi kuwa linahusu kuoga kwa namna anayooga yeye.

Ngazi za majibu nazo zina tabu. "Kiasi" na "kidogo" zikifuatana, watu wengi wanazichukua kuwa kitu kimoja. Dawa yake ni kadi tano zenye glasi iliyojaa, robo tatu, nusu, robo na tupu. Msomaji anataja jibu na kuonyesha kadi. Kisha kuna heshima. Mtu mzima akiulizwa na daktari anaendeleaje, adabu inamtaka aseme anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Swali linalouliza angejisikiaje kuishi na hali hii maisha yake yote hujibiwa "ni mapenzi ya Mungu", na hilo si jibu la kuweka alama. Muuguzi afundishwe kulipokea kwa heshima, kisha aseme: "Ni kweli mama, na sisi tunataka kujua hali yenyewe inakusumbua kiasi gani, ili tuone cha kurekebisha." Wengi hapo ndipo wanapofunguka. Asimchagulie jibu.

Lazima pia isemwe kwamba madodoso haya yana wenyewe. Kabla ya kuchapisha hata nakala moja, Wizara iombe kibali kwa mwenye hakimiliki, iulize ni matoleo gani ya Kiswahili yaliyopo na yalijaribiwa kwa nani, na ikubaliane naye juu ya marekebisho kama haya tuliyotaja. Hospitali moja moja zisibadilishe maneno kwa hiari yake. Swali likibadilishwa Mwanza na lisibadilishwe Mtwara, alama hazilinganishwi tena.

Sasa namna ya kuuliza. Mgonjwa aulizwe kabla ya kumwona daktari, mahali wanapopimia presha, akiwa ameketi na amepumzika. Akishatoka kwa daktari jibu lake limekwisha kubadilishwa na maneno aliyoambiwa. Anayejua kusoma ajisomee, akiwa na miwani yake. Asiyejua asomewe, na kwenye fomu iandikwe "amejaza mwenyewe" au "amesomewa", na hudhurio lijalo itumike njia ileile. Ndugu aliyemsindikiza aombwe kwa upole asubiri nje. Anayeuliza asiwe yule anayegawa dawa wala anayepokea malipo, kwa sababu mgonjwa anayehofia kuongezewa dozi au gharama atajibu kwa kujihami. Toleo refu lina swali la mahusiano ya karibu na mwenza. Likitumika, liulizwe na mtu wa jinsia moja na mgonjwa, faraghani, na akikataa kulijibu aachwe.

Msomaji akumbushe kila mara kwamba ni wiki mbili zilizopita, si leo. Sababu ni hii: wagonjwa wengi wanaotoka mbali hawamezi furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, asubuhi ya siku ya kliniki, kwa sababu basi halisimami na vyoo vya njiani ni vya shida. Wanafika miguu imejaa na pumzi fupi. Alama ya siku hiyo pekee ingeonyesha kuzorota kusikokuwepo. Kinyume chake pia hutokea: aliyelazwa wiki iliyopita na kutolewa maji anajisikia mwepesi, akasahau usiku tisa wa kukesha.

Hesabu ndiyo inayoharibu mengi, na tunaomba hapa tusomwe taratibu. Katika sehemu ya mwili, jibu la 1 ni kuzuiwa kabisa na la 5 ni kutozuiwa. Lipo na jibu la 6: "nilizuiwa kwa sababu nyingine au sikuifanya kazi hiyo". Hilo si alama, ni nafasi tupu. Chukua mgonjwa aliyejibu 3 kwa kuoga, 2 kwa kutembea, na 6 kwa kukimbia kwa sababu ana goti bovu. Wastani wa majibu mawili halali ni 2.5, unatoa 1, unagawa kwa 4, unazidisha kwa 100: 37.5. Karani akiijumlisha 6 kama alama, anapata 66.7. Akiiweka 0, anapata 16.7. Tuseme dalili zake zimempa 58.3, furaha ya maisha 25, na mambo ya kijamii 41.7. Alama yake halisi kwa ujumla, yaani wastani wa sehemu nne, ni 40.6. Kwa kosa la kwanza inakuwa 47.9, kwa la pili 35.4. Makosa yote mawili yanazidi zile alama 5 zinazotafsiriwa kuwa mgonjwa amebadilika. Mtu mmoja, siku moja, anaweza kuandikwa kuwa amepona kidogo au amezidiwa, kwa sababu tu ya tarakimu moja kuwekwa vibaya. Na kwa toleo la maswali 12, sehemu ya mwili ikiwa na majibu halali chini ya mawili, isikokotolewe kabisa.

Vilevile idadi ya majibu si sawa kwa kila swali: kuvimba na kulala yana majibu matano, uchovu na pumzi yana saba. Kila moja hugeuzwa kwanza kuwa 0 hadi 100 kwa kigawanyo chake, 4 au 6, ndipo wastani upatikane. Kwa sababu hiyo tunaomba hesabu isifanywe kwa kalamu. Mfumo wa kompyuta wa GoT-HoMIS na mifumo mingine ya hospitali iwekewe ukurasa wa maswali 12 unaokokotoa wenyewe, unaokataa 6 pale isiporuhusiwa, na unaoonyesha alama ya hudhurio lililopita pembeni ya hii mpya. Vituo visivyo na kompyuta wapewe jedwali lililochapishwa la kugeuzia majibu, lenye laminesheni, likae mezani.

Alama ikipatikana, nini kifuate? Bila jibu la swali hili tusianze. Ikishuka kwa 5 au zaidi, muuguzi amchunguze siku hiyohiyo: uzito umepanda? Kilo 2 kwa siku tatu ni maji, si mnofu. Vidonge vilivyobaki nyumbani vinalingana na siku zilizopita? Amenunua diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya miguu? Dawa hizo zinazuia chumvi na maji mwilini na zinawaangusha wagonjwa wengi waliokuwa wametulia, nazo zinauzwa kila duka la dawa. Chakula nacho kiulizwe kwa majina yake, kwa kuwa "punguza chumvi" wengi wanaielewa kuwa chumvi ya mezani tu: magadi kwenye maharage na mlenda, ng'onda, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, viungo vya mchuzi vya paketi. Magadi ni sodiamu kama ilivyo chumvi. Ikishuka kwa 10 au zaidi, amwone daktari kabla hajaondoka. Ikiwa chini ya 25, licha ya dawa zote zinazowezekana, mazungumzo ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, yaanze, familia ikihusishwa, na si siku ya kulazwa mara ya nne. Na ikipanda, aambiwe. Mgonjwa anayeona alama yake imetoka 40 hadi 55 tangu aanze dawa anajua kwa nini azimeze hata siku anapojisikia mzima.

Huzuni inahitaji kuzungumziwa peke yake. Wagonjwa wa moyo wengi wanayo, na inashusha alama kuliko eko inavyoweza kueleza. Dodoso la PHQ-9 la kupima huzuni linatumika kwa Kiswahili, lakini uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula ni dalili za moyo pia, hivyo alama yake isomwe kwa uangalifu. Swali lake la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Kituo kisicho na mtu wa kumpokea mgonjwa huyo papo hapo kisilisome swali hilo kabla hakijampata.

Yapo mambo ambayo dodoso la Kansas City haliyagusi, na kwa wagonjwa wetu ndiyo yanayoamua. Tunapendekeza yaongezwe maswali matatu ya hapa nyumbani, yahesabiwe kando bila kuchanganywa na alama: katika wiki mbili zilizopita, kuna siku hukumeza dawa kwa kukosa fedha au kwa kukosekana kituoni? Kuja kliniki kumegharimu nini, nauli na siku ya kazi? Kuna kazi ya kipato uliyoiacha kwa ajili ya moyo? Msichana mwenye vali ya chuma anaweza kupata 85 kwenye dodoso, huku maisha yake yakizunguka warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), safari ya kupima INR (kasi ya damu kuganda) kila mwezi, na hofu ya kubeba mimba. Mtoto wa shule mwenye baridi yabisi ya moyo anachomwa penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka, na sindano hiyo inauma. Kwa watoto, kwanza, dodoso hili halifai kabisa. Litafutwe la umri wao.

Palipo na nafasi, mtihani wa kutembea dakika sita uambatane na dodoso mara mbili kwa mwaka. Unahitaji kibaraza tambarare cha mita 30 kilichowekwa alama kila mita 3, viti viwili, saa, na kipima oksijeni. Mgonjwa apumzike dakika 10 kwanza. Anaruhusiwa kusimama na kuegemea, ila saa haisimami. Asifanyiwe aliyepata shambulio la moyo au maumivu ya kifua yasiyotulia ndani ya mwezi uliopita. Na mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa amepumzika, au presha zaidi ya 180 kwa 100, daktari amwone kwanza. Kutembeza mgonjwa kwenye korido iliyojaa machela na watu hakupimi chochote.

Kuhusu takwimu za taifa, tunaomba tahadhari. Msiombe wastani wa kliniki peke yake. Wagonjwa walio hoi wakifariki, wastani unapanda, na kliniki mbaya inaonekana bora. Kwenye DHIS2, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, ziingie kila robo mwaka namba nne: wangapi walipaswa kupimwa, wangapi walipimwa, wangapi alama imepanda au kushuka kwa 5, na wangapi wamefariki au kupotea. Wala malipo ya hospitali yasifungwe kwenye alama kubwa. Siku alama itakapokuwa fedha, majibu yataandikwa ofisini. Kinachostahili kulipiwa ni kupima na kuchukua hatua.

Kwa uongozi wa Mfuko wa Bima, hasa sasa ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaanza kutekelezwa: tumieni alama hizi kuamua ni dawa zipi za moyo ziingie kwenye kitita, kwa kuangalia zilivyowarudisha watu kazini na kuwapunguzia kulazwa. Zisitumike kamwe kumwondolea mgonjwa mmoja mmoja huduma kwa hoja kwamba alama yake ni nzuri mno, au mbaya mno. Mgonjwa akihisi hilo hata mara moja, hatajibu tena kwa ukweli, na hatutakuwa na kipimo.

Tunaomba Wizara ianze kwa kuunda kikosi kidogo cha wauguzi wa kliniki za moyo, madaktari bingwa, wataalamu wa Kiswahili, watu wa MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) na wagonjwa wenyewe wasiopungua wawili; kibali cha hakimiliki kiombwe; majaribio ya maneno yafanyike pwani na bara, mjini na kijijini; kisha hospitali chache za rufaa za mikoa zianze kabla ya kusambaza. Jaribio la uthabiti lifanyike kwa wagonjwa wasiobadilika, kwa kuwapima mara mbili ndani ya wiki mbili. Alama zikiyumba bila sababu, maneno yarudiwe. Waganga Wafawidhi hawahitaji kusubiri hayo yote: mizani inayofanya kazi, kiti cha faragha karibu na meza ya presha, na muuguzi mmoja aliyepewa muda wa dakika tano kwa kila mgonjwa vinaweza kupangwa kwenye ratiba ya mwezi ujao.

Wenu katika utumishi,

Wauguzi, matabibu, madaktari na wafamasia tunaohudumia kliniki za moyo